Kuja Na si Kubuni

Kuna usemi mmoja ambao umekita mizizi katika Kiswahili cha mikutano, magazeti na tasnifu, na ambao umezoeleka hata sikio halishtuki tena likiusikia. Usemi huo ni "kuja na". Katika ukumbi wa mkutano mjini Moshi msemaji husimama akatangaza kwamba halmashauri imekuja na mkakati wa kuinua zao la kahawa. Mwandishi wa gazeti huandika kwamba wataalamu wamekuja na mbegu mpya. Mwanafunzi wa chuo kikuu huandika katika ikisiri ya tasnifu yake kwamba utafiti umekuja na matokeo matatu. Wote watatu hudhani wamesema jambo. Kwa kweli kila mmoja wao ameacha kusema lililo kubwa kuliko yote, nalo ni lile ambalo kitenzi huwekwa katika sentensi ili kilieleze: aliyetajwa alitenda nini hasa?

Hoja inayotetewa hapa ni nyepesi kuelezwa. Usemi huo, kwa maana yake mpya, ni tafsiri mbovu ya usemi wa Kiingereza. Kiswahili hakikuuhitaji, kwa kuwa kilikuwa na vitenzi vya kutosha, tena vilivyo bora. Na madhara yake hayaishii katika ufasaha. Usemi huu huwanyima watu sifa ya waliyoyatenda, na huwafichia wengine lawama ya waliyoyatenda. Lugha inayoshindwa kutofautisha aliyeleta na aliyeunda haiwezi kuandika historia ya kweli wala kusoma hesabu ya kweli mbele ya mkutano.

Inafaa kuanza na maana ya asili. Kitenzi cha kuja ni miongoni mwa vitenzi vichache vya silabi moja ambavyo Kiswahili kilivirithi pamoja na ndugu zake wa Kibantu. Maana yake ni mwendo wa kuelekea aliko msemaji. Neno "na" ni kiungo, na kazi yake ni kuweka pamoja vitu viwili ambavyo vyote vipo. Kiswahili hueleza hata umiliki kwa njia hii: mwenye ng'ombe husemwa "ana ng'ombe", yaani yu pamoja na ng'ombe. Kwa hiyo "kuja na" ni ndugu wa "kuwa na". Ajaye na kitu alikuwa nacho kabla ya kuianza safari. Mgeni huja na zawadi, masika huja na mafuriko, na reli ya kutoka Tanga, ilipofika Moshi mwaka 1911, ilikuja na wafanyabiashara na mafundi. Hapa usemi umekaa mahali pake, wala hapana wa kuulaumu.

Mfano ulio wazi zaidi huonekana katika njia ya Marangu. Mpagazi anayepanda kutoka Mandara hufika Horombo, kwenye kimo cha mita 3,720, akiwa amejitwika mzigo. Amekuja na sufuria, amekuja na vyakula, amekuja na mikoba ya wageni. Jasho ni lake, lakini mzigo ni wa watu. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba mpagazi huyo amebuni sufuria. Huo ndio mpaka wa "kuja na" katika Kiswahili: hutaja mbebaji, na humwachia msikilizaji haki ya kuuliza mwenye mali ni nani. Sasa msikilizaji huyo huyo huambiwa kwamba kamati imekuja na mapendekezo. Akiuliza yametoka wapi, huonekana mkorofi. Walakini Kiswahili ndicho kilichomfundisha kuuliza.

Maana hii mpya ilitoka wapi? Ilitoka katika usemi wa Kiingereza "come up with". Lugha hiyo ina jamii kubwa ya vitenzi vinavyofanywa kwa neno fupi la kutenda na kijineno kimoja au viwili vinavyolifuata, kama vile "give up", "look after" na "set out". Katika Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuishinda nchi mwaka 1066, vijineno vingi vya namna hiyo vilikaa mbele ya kitenzi vikishikamana nacho kama viambishi. Katika karne zilizofuata vilihamia nyuma, vikaongezeka, vikachukua maana ambazo hazipatikani kwa kujumlisha neno na neno. Samuel Johnson, alipoitoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, alisema katika dibaji kwamba muungano wa aina hii ndio unaowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Jina la kitaalamu la vitenzi hivyo lilienea baada ya Logan Pearsall Smith kulitumia katika kitabu chake cha mwaka 1925 juu ya maneno na nahau. Kwa hiyo Waingereza wenyewe wamekiri zamani kwamba semi hizi ni nahau, na nahau haifasiriwi kwa kuhesabu vipande vyake.

Usemi unaozungumzwa hapa una historia yake. Zamani ulitumika kwa maana ya kumfuata aliyetangulia hata kumfikia, kama chombo kinavyokifukuza chombo kingine baharini mpaka vikawa sambamba. Maana ya kutoa wazo, jibu au shauri ni ya baadaye sana, nayo ilienea katika karne ya 20. Nguvu ya maana hiyo imo katika neno "up", ambalo hutaja upande wa juu. Jambo lilikuwa chini, mahali pasipoonekana; mtu amelitafuta, amelipandisha, na sasa liko mbele ya macho ya watu. Ukiliondoa neno hilo moja, Mwingereza hubaki na "come with", yaani kufuatana na, ambayo haina harufu yoyote ya kubuni.

Basi mfasiri wa Kiswahili amefanya nini? Amelitupa neno lililobeba maana, akayachukua mawili yasiyoibeba. Wanaoutetea usemi huu kwa kusema kwamba ni mkopo halali kutoka Kiingereza hawana budi kujua kwamba hata huo mkopo haukuchukuliwa wote. Aliyekopa shilingi akapoteza nusu njiani hana sababu ya kujisifu kwa utajiri. Na kama mfasiri angekuwa mwaminifu, akasema "kuja juu na", angejikuta katika balaa nyingine, kwa sababu Kiswahili kina "kuja juu" yake yenyewe, na maana yake ni kuwaka hasira. Mwenyekiti aliyekuja juu na mpango angewafanya wajumbe waufunge mlango. Hapo ndipo ionekanapo kwamba Kiswahili nacho kina nahau za kitenzi na kijineno: kuja juu, kwenda mrama, kwenda kombo. Kila moja imezaliwa katika maisha ya wenyeji, na "kwenda mrama" bado ina chumvi ya bahari iliyokiyumbisha chombo. Hazikungoja kufundishwa na mtu.

Tena kuna jambo la kushangaza. Ile picha ya Kiingereza ya kitu kinachotoka chini na kuonekana juu imo ndani ya Kiswahili tangu zamani, katika neno moja tu. Neno hilo ni "kuibua". Mzamiaji huzama, akaibuka. Kilichomo chini ya maji huibuliwa. Mtu aliyefikiri kwa kina akaleta hoja iliyokuwa imefichika ameibua hoja. Picha, mwendo na jitihada, vyote vimo katika silabi nne. Mwenye lulu hii kinywani anayekwenda kuomba kokoto kwa jirani hastahili kuitwa mpenda maendeleo ya lugha.

Wala "kuibua" si peke yake. Anayefanya kitu kipya kwa akili yake amebuni. Anayepanga maneno, shairi au sheria ametunga. Anayeweka msingi wa chama au chuo ameasisi. Anayekiona kilichokuwapo lakini hakijulikani amegundua, na anayekifukua kilichofichwa amevumbua. Anayeleta jambo lisilo na msingi, au fitina, amezua. Anayepanga hatua za kazi ameandaa mpango. Anayetoa rai yake ili wengine waipime amependekeza. Anayechukua kitu mahali pengine akakifikisha hapa amekileta, naam, amekuja nacho. Kila kitenzi kati ya hivyo hutoa ushahidi wa namna yake: kimoja husifu, kimoja hulaumu, kimoja hueleza tu. "Kuja na" ya kisasa huvifagia vyote katika pipa moja. Msomaji haambiwi tena kama mpango ulibuniwa, ulizuliwa, ulipendekezwa au uliletwa katika mfuko wa mtu mwingine.

Juu ya hayo, Kiswahili kina chombo ambacho Kiingereza hakina. Kazi inayofanywa na vijineno vya Kiingereza nyuma ya kitenzi, Kiswahili huifanya kwa viambishi ndani ya kitenzi chenyewe. Chukua kitenzi cha panda, ambacho mkulima wa Kilimanjaro hukitumia kwa mche na mpagazi hukitumia kwa mlima. Kutoka hapo msemaji hupata pandisha, pandia, pandikiza, pandwa, pandishia, na kila umbo lina kazi yake. Wanafunzi wa sekondari hukaririshwa orodha ndefu za vitenzi vya Kiingereza vyenye vijineno, wakaambiwa kwamba huo ndio utajiri wa lugha. Hakuna ubaya katika kujifunza hivyo. Ubaya ni kwamba aghalabu hawaambiwi kwamba lugha yao ina utajiri wa namna nyingine unaofanya kazi ile ile. Kwa hiyo hutoka shuleni wakiamini kwamba mawazo mapya hayana budi kusemwa kwa mkato wa Kiingereza.

Sasa na ipimwe hoja hii kwa historia ya Kilimanjaro, kwa maana hapo ndipo hasara inapoonekana kwa macho. Mwaka 1898 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda kahawa katika misheni ya Kilema. Mti huo ulikuwa mgeni mlimani. Wahaya wa Bukoba, upande wa pili wa nchi, walikuwa wameijua kahawa yao na kuitafuna zamani kabla ya misheni yoyote, lakini Kilimanjaro ililetewa. Kwa hiyo sentensi isemayo kwamba mapadre walikuja na kahawa ni Kiswahili safi na ni historia safi. Lugha yenyewe ina mzaha wake hapa, kwa kuwa punje ya kahawa huitwa buni na mti wake huitwa mbuni. Neno hilo ni la Kiarabu, lakini lina ukoo wake mbali na kitenzi cha kubuni, ambacho watunga kamusi hukirejesha katika neno la Kiarabu la kujenga. Sauti ni moja, asili ni mbili. Mbuni uliletwa Kilimanjaro, haukubuniwa.

Lakini tazama mifongo. Hiyo ni mifereji ambayo Wachagga waliichimba ili kuyatoa maji katika mito ya msituni na kuyapitisha kwenye miteremko hata yafike katika vihamba. Haikuwa na pampu wala bomba. Ilifuata kipimo cha jicho na mteremko wa ardhi, ikazunguka vilima, ikavuka makorongo kwa magogo yaliyochongwa. Pamoja na mfereji palitungwa desturi ya zamu za maji, kazi ya pamoja ya kusafisha, na adhabu kwa mwizi wa maji. Wageni wa Ulaya waliofika katika karne ya 19, miongoni mwao Charles New aliyefika hadi kwenye theluji mwaka 1871, waliikuta nchi hiyo ikiwa imekwisha kunyweshwa. Hayo yote yalibuniwa. Hakuna aliyekuja nayo katika sanduku.

Na wawekwe wawili hao katika Kiswahili cha leo. "Mapadre walikuja na kahawa, Wachagga walikuja na mifongo." Sentensi hizo mbili sasa ni pacha. Mtoto wa shule atakayezisoma atadhani kwamba kahawa na mifongo vyote viliteremka kutoka mahali pengine, na kwamba tofauti ni ya mbebaji tu. Aliyechukua mche kutoka mbali na aliyepima mteremko wa mlima kwa jicho lake wamepewa kitenzi kimoja. Kwa watu ambao vitabu vya zamani viliwaeleza kwamba hawakubuni lolote, kosa hilo si dogo. Vitabu vile vilisema kwamba Johannes Rebmann aliugundua mlima tarehe 11 Mei 1848, kana kwamba waliokuwa wakiishi juu yake hawakuwa wameuona. Ilichukua miaka mingi kulisahihisha neno hilo moja. Ni ajabu kwamba wasomi waliopigania kitenzi cha "kugundua" kitumike kwa haki wanakiacha kitenzi cha "kubuni" kife bila matanga.

Mfano wa tatu ni ushirika. Wakulima Wachagga walipozidi kulima kahawa baada ya vita ya kwanza ya dunia, walowezi wengi wa Kizungu hawakupendezwa. Charles Dundas, ofisa wa serikali ya Kiingereza, aliwahimiza wakulima waendelee, na mwaka 1925 walianzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, ambacho Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo. Baada ya sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1932, chama kikuu cha KNCU kiliundwa mwaka 1933. Mwaka 1963 chuo cha ushirika kilifunguliwa Moshi, na mwaka 2014 kikawa chuo kikuu. Katikati ya historia hiyo, mwaka 1976, Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na katika miaka ya 1980 ikaviruhusu virudi. Tazama vitenzi: walianzisha, kiliundwa, ilivivunja, ikaviruhusu. Kila kimoja kina mtu nyuma yake, na mtu huyo aweza kusifiwa au kuulizwa.

Sasa na ijaribiwe lugha ya siku hizi: "Mwaka 1976 Serikali ilikuja na uamuzi wa kuvunja vyama vya ushirika." Uamuzi umekuwa mzigo, na Serikali imekuwa mpagazi. Tendo la kuvunja limesukumwa nyuma ya jina, na aliyekata shauri ameonekana kama mtu aliyelikuta shauri njiani akaliokota. Mwandishi wa sentensi hiyo huenda hakukusudia hila yoyote. Lakini lugha imemfanyia hila bila kukusudia, na wenye hila ya kukusudia wataitumia sentensi hiyo hiyo kwa furaha.

Wanaoupenda usemi huu wana majibu, na ni haki yasikizwe. Jibu la kwanza ni kwamba lugha hai hukopa. Hilo ni kweli. Kiswahili kilikopa meza kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, serikali kwa Waajemi, na maneno yasiyohesabika kwa Waarabu. Lakini wahenga walisema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Maneno hayo yalipewa jembe yakalima. Shule ilipoingia ilikuja na kitu chake, na kitu hicho kilihitaji jina. "Kuja na" ya kisasa imeingia katika shamba ambalo tayari lina wakulima kumi, na badala ya kulima imewafukuza. Mkopo ulio halali huongeza idadi ya maana zinazoweza kusemwa. Mkopo huu umeipunguza.

Jibu la pili ni kwamba watu wote huuelewa, na lugha ni kuelewana. Hapa pana udanganyifu. Msikilizaji akiambiwa kwamba mtaalamu amekuja na mpango wa kutia saruji mfongo wa kijiji, huelewa kwamba kuna mtaalamu, kuna mpango, na kwamba viwili hivyo vina uhusiano. Haelewi kama mpango ulitungwa baada ya wazee wa mfongo kuulizwa, au ulikuwa umekwisha kuchorwa ofisini kabla ya gari kupanda mlima. Kwake hiyo ndiyo habari muhimu kuliko saruji, kwa kuwa mfongo unaotiwa saruji bila kuwauliza wanaojua mteremko na zamu zake aghalabu huharibu zamu hizo. Kuelewa nusu ya jambo na kudhani limeeleweka lote ni kubaya kuliko kutoelewa, kwa sababu asiyeelewa huuliza.

Jibu la tatu ni la ufupi: kwamba "kuja na" ni fupi na nyepesi ulimini. Hilo nalo halisimami. "Imekuja na mpango" na "imebuni mpango" zina urefu usiotofautiana ila kwa silabi moja, na iliyo fupi ni ile ya Kiswahili. Wepesi unaosifiwa ni wepesi wa kutofikiri. Anayetaka kusema "imebuni" hulazimika kujiuliza kwanza kama kweli imebuni. Anayetaka kusema "imependekeza" hulazimika kujua kama jambo limekwisha kupitishwa au bado. "Kuja na" humsamehe msemaji mtihani huo. Na hiyo ndiyo sababu ya kupendwa kwake.

Lawama ya kuenea kwa usemi huu haiwezi kutupwa kwa waandishi wa magazeti peke yao. Mwandishi hufasiri kwa haraka, usiku umekwisha na mtambo unangoja. Kosa lake lina udhuru. Wasio na udhuru ni wasomi. Mipango mingi ya umma huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hufasiriwa na watu wenye shahada, wakati wa kutosha na kamusi mezani. Tasnifu za Kiswahili huandikwa katika vyuo vikuu na watu ambao lugha ndiyo taaluma yao, husahihishwa na walimu ambao lugha ndiyo riziki yao. Na bado "utafiti umekuja na matokeo" hupita mbele ya macho ya mtahini kama mwizi aliyevaa sare ya mlinzi. Utafiti haukuja na kitu. Mtafiti alikusanya, alilinganisha, alipima, aligundua, au hakugundua. Kama alifanya kazi hizo, azitaje. Kama hakuzifanya, asijifiche nyuma ya kitenzi cha safari.

Hapana haja ya kuanzisha vita dhidi ya Kiingereza. Kiingereza hakikumtuma mtu yeyote. Kwa Mwingereza usemi wake ni sahihi na una uhai, na anayekitaka Kiingereza na akisome vizuri, na vijineno vyake vyote, mahali pake. Julius Nyerere alipozifasiri tamthilia mbili za Shakespeare katika miaka ya 1960 alikuwa na kazi ngumu kuliko ya mfasiri wa ripoti, lakini alionyesha kwamba njia ipo: mfasiri huiacha lugha ya kwanza nyuma akiisha kuielewa, kisha huiuliza lugha ya pili yeye mwenyewe angesemaje. Hakuna Mswahili aliyewahi kulifasiri neno "give up" kwa "kutoa juu". Watu walisema kukata tamaa, nayo ni nahau nzuri kuliko ile ya Kiingereza, maana tamaa imefanywa kamba na kamba imekatwa. Walioweza hilo jana hawakosi uwezo leo. Wamekosa subira.

Dawa ni rahisi, na kila mwalimu aweza kuigawa bila gharama. Mwanafunzi akiandika kwamba fulani amekuja na jambo, na aulizwe maswali mawili. La kwanza: alikuja nalo kutoka wapi? Kama jibu lipo, kama vile mche uliotoka ng'ambo au barua iliyotoka Dodoma, usemi na ubaki. Kama jibu halipo, na aulizwe la pili: basi alilifanya nini? Hapo atalazimika kuchagua kati ya kubuni, kutunga, kuibua, kuzua, kupendekeza na ndugu zao. Na katika kuchagua atagundua mara nyingi kwamba hakuwa anajua alichokuwa akikisema. Kugundua huko ndiko mwanzo wa elimu.

Kadhalika wakulima wa vihamba wanaokaa katika mikutano ya ushirika wana haki ya kuyatumia maswali hayo hayo. Akisimama mtu mbele yao akasema kwamba amekuja na mpango wa bei, wa mbegu au wa maji, wamwulize kwa adabu umetoka wapi na nani aliutunga. Kama ni yeye, atapewa sifa yake ukifaa, na ataulizwa ukiharibika. Kama si yeye, ajulikane kuwa mpagazi, na mwenye mzigo atafutwe. Kazi ya upagazi haina aibu. Watu wengi wa Marangu na Machame wameisomesha watoto wao. Aibu ni kuubeba mzigo wa mwingine na kuuita wako, au kuutupa mzigo wako njiani na kusema uliukuta hapo. Kiswahili kilikuwa na maneno ya kuyatenganisha mambo hayo kabla mkutano wowote haujaitishwa, na maneno hayo bado yapo, yanangoja kutumiwa.